Turubai la Gulwe

Hivi mtu mzima aambiwe jambo moja mara ngapi ndipo alisikie? Mwajabu aliuliza hivyo kwa sauti, juani, katikati ya kiwanja cha ndege cha zamani nje kidogo ya Kongwa, na hakuna aliyejishughulisha kumjibu. Mbele yake Sila alikuwa amepiga magoti, mwavuli wake wa kurukia umetandazwa chini, anazipitisha kamba vidoleni moja moja kama mtu anayechambua mchele wa wageni. Ilikuwa mara ya tatu.

"Sila, huo ni mwavuli, si kitenge cha posa. Kunja twende."

"Nakagua kamba, mwalimu."

"Si umeshazikagua?"

"Nazikagua tena."

Mwajabu akasonya, msonyo mrefu uliomfanya rubani Batholomeo ageuke kule kwenye ndege. Tangu asubuhi upepo ulikuwa umetulia, na mwezi wa nane upepo wa Kongwa kutulia ni bahati. Ukianza haukuombi ruhusa. Sasa saa nne ilikuwa inakaribia, na huyu bwana bado anabembeleza kamba!

Sila alikuwa daktari wa mifugo kwenye ranchi moja ya jirani, Mgogo wa hapo hapo Kongwa, miaka thelathini na mitatu, mrefu, mpole, mwenye maswali yasiyoisha. Mruko wa leo ulikuwa wake wa thelathini. Akiumaliza salama angepewa cheti cha kuruka bila mwalimu wa kumwongoza kwa redio. Mwajabu mwenyewe alikuwa mwanamke wa Kirangi kutoka Kondoa, miaka arobaini na sita, ameshajitupa kutoka kwenye ndege zaidi ya mara mia tisa, na ndiye peke yake katika klabu ile aliyeruhusiwa kukunja miavuli ya akiba. Kwa kifupi, uhai wa kila aliyeruka pale ulipita mikononi mwake. Alilijua hilo, wala hakujisumbua kuficha kwamba analijua.

Na juu ya yote hayo, leo kulikuwa na wageni. Mama yake Sila, Mama Emilia, alikuja na majirani na nusu ya kwaya ya kanisani kwake, na mikeka, na chupa za chai, kama watu waliokuja kipaimara. Batholomeo, ambaye anapenda maonyesho kuliko anavyopenda kukagua mafuta, akaiunganisha redio ya Mwajabu na spika mbili kubwa, ati wageni wasikie mwalimu anavyomwongoza mwanafunzi hewani. Mwajabu alikataa. Nani alimsikiliza? Spika zilikuwa zimeshafungwa juu ya gari.

Somo lenyewe, jamani, si gumu. Mgongoni una miavuli miwili katika begi moja, mkubwa na wa akiba. Kifuani una mipini miwili. Wa kulia ni mwekundu, ukiuvuta mwavuli mkubwa unakatika na kwenda zake. Wa kushoto ni wa chuma, ukiuvuta unafungua wa akiba. Mkubwa ukifunguka vibaya, unaukata kwanza, kisha unafungua wa akiba. Usifungue wa akiba kabla hujaukata mkubwa, maana itasukana yote miwili kama nywele, na hapo hakuna wa kuifumua. Mkononi una saa inayosoma urefu. Ikifika mita mia nane na mwavuli bado hauna akili, basi, mjadala umekwisha. Tazama mwekundu, vuta mwekundu. Tazama wa chuma, vuta wa chuma. Mwajabu aliwaimbisha wanafunzi maneno hayo mpaka wengine wakawa wanayatamka usingizini.

Na Sila aliyashika. Hilo ndilo lililokuwa likimkereketa Mwajabu rohoni, kwamba Sila aliyashika vizuri kuliko wote.

Mwezi wa tano, kwenye mruko wake wa ishirini na mbili, mwavuli wa Sila ulifunguka kombo na kuanza kumzungusha. Hakubishana nao. Aliukata juu kabisa, mita elfu moja, akafungua wa akiba, akashuka taratibu mpaka chini. Mwavuli uliokatwa ukapeperuka ng'ambo ya uzio wa ranchi, ukapotea. Siku tisa walitafuta. Mchoma mkaa mmoja alikuwa ameuokota, akampa shemeji yake, shemeji akaufunga kwenye bodaboda, ukasafiri mpaka Gulwe. Huko ukakutwa umefunika lundo la alizeti la bibi mmoja, umefungwa kwa mawe pembe zote nne, na bibi hataki hata kusikia.

Aliyetumwa kuufuata ni nani? Mwajabu. Alikaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji saa mbili nzima, akaamkia wazee wote wa Gulwe, akajibu maswali ya Mwenyekiti Uwesu, ambaye alitaka kujua kwa maandishi kama kitu kile ni cha serikali, cha watafiti au cha wachawi. Bibi naye hakukiachia mpaka aletewe turubai jipya la kufunikia alizeti yake. Mwajabu alirudi na vumbi mpaka kwenye kope, akamkuta Sila anakunywa chai na wenzake, na hasira ikatoka kinywani kabla hajaipima.

"Karibuni mumwone Bwana Turubai," alisema. "Mwavuli ukikohoa tu, yeye anakata. Bibi wa Gulwe anakusalimu, anauliza mwingine utamletea lini."

Loh, walicheka! Batholomeo alimwaga chai. Sila naye alicheka, maana pale klabuni Warangi na Wagogo walikuwa wamefanyana watani tangu siku ya kwanza, na utani hauna kesi. Mtani anakutania shambani, anakutania harusini, hata msibani anakuja kukutania ukiwa ndani ya jeneza, na aliyenuna ndiye mwenye makosa. Jina likashika. Bwana Turubai asubuhi, Bwana Turubai jioni.

Jioni ile ile Mwajabu aliutandaza ule mwavuli stoo ili aukague. Akaona mstari. Mstari mwembamba wa kahawia, kitambaa kimeungua pale kamba ilipopita juu ya mwavuli badala ya kukaa chini yake. Akasimama. Akakumbuka asubuhi ya mruko ule, yeye mwenyewe akimkunjia Sila mwavuli huo huku amebana simu kwa bega, akigombana na kaka yake Yahaya juu ya kiwanja cha Kondoa. Akakumbuka vidole vyake vikilisukuma fungu la kamba upande usio wake. Alikumbuka vizuri kabisa. Hakuna mwingine aliyeushika. Sila hakukata kwa woga. Alikata kwa sababu Mwajabu, mwenye miruko mia tisa, alimfungia kifo mgongoni, na Sila akakitua kama alivyofundishwa.

Akaukunja. Akafunga stoo.

Alisema atamwambia Jumatatu. Jumatatu kulikuwa na watu. Akasema atamwambia wakiwa wawili, na walipokuwa wawili Sila akaanza maswali yake, naye akachoka. Wiki zikapita. Kila alipomwona Sila akikagua kamba mara ya pili, mara ya tatu, roho ilimchoma, na mtu anayechomwa rohoni hutafuta wa kumfokea. Alimfokea yeye yule. Nyani haoni kundule, ndiyo, lakini huyu nyani aliliona vizuri, akalikalia.

Basi, leo. Sila alimaliza kukunja, akavaa, akakaguliwa, akafuata ndege. Mlangoni akageuka.

"Mwalimu, swali la mwisho."

"Liwe la mwisho kweli."

"Ukiwa unazunguka, lakini si sana, na mtu anaona labda utanyooka. Anakata, au anausubiri kidogo?"

Jibu lilikuwa neno moja. Anakata. Mtoto wa darasa la pili angelijibu. Lakini jua lilikuwa kali, Batholomeo anachekelea, na Mwajabu alikuwa amechoshwa na maswali ya mtu huyu, amechoshwa hasa na namna anavyouliza, kwa adabu, bila kinyongo.

"Ukiukata huu nao," alimwambia, "utaufuata mwenyewe Gulwe. Kwa miguu."

"Panda, Bwana Turubai!" Batholomeo akapaza sauti, na Sila akatabasamu, akapanda.

Ndege ilizunguka dakika ishirini mpaka ikawa nukta. Mwajabu alisimama mbele ya gari, redio mkononi, na nyuma yake Mama Emilia akaja kusimama bila kukaribishwa, amevaa gauni la Jumapili na kandambili.

"Ndiyo yule?"

"Ndiyo yeye, mama. Ameshatoka."

Alishuka vizuri. Mikono wazi, miguu sawa, hakupepesuka. Mwajabu hakupenda kusifu watu, lakini moyoni alikiri kwamba ule ni mruko wa cheti. Kwenye mita elfu na mia tano Sila alifungua, kitambaa cha bluu na njano kikatoka, kwaya ikapiga vigelegele.

Kisha bluu ikajikunja. Upande mmoja wa mwavuli ulijaa, upande mwingine ukabanwa katikati na kamba iliyopita juu, ukawa kama mto wa kulalia uliofungwa mshipi. Na ukaanza kuzunguka. Mwavuli mkubwa hata ukunjwe na malaika una siku yake ya kugoma, ndiyo maana Mungu akawapa watu akili ya kubeba wa akiba. Hakukuwa na la kushangaza hapo. Cha kufanya kilijulikana.

"Sila, kata," Mwajabu alisema redioni, na spika zikalirudia kwa sauti kubwa. "Mwekundu, kisha wa chuma."

Sila hakukata. Alionekana kule juu akivuta kamba za usukani, kulia, kushoto, kulia tena. Mzunguko ukaongezeka.

"Mbona kinazunguka hivyo?" Mama Emilia aliuliza.

"Sila! Achana nao! Kata!"

Hakukata. Ebo! Huyu mtu ana nini? Miezi mitatu iliyopita alikata kwa kosa dogo kuliko hili, mita elfu moja, bila kutetereka, na leo... Na hapo Mwajabu akajijibu mwenyewe. Alijua kabisa Sila anangoja nini. Anangoja mwavuli unyooke, ili mtu asije akamcheka. Anangoja kwa sababu mwalimu wake alimwambia, mlangoni, dakika ishirini tu zilizopita, kwamba akiukata ataufuata kwa miguu.

Mia nane. Kwa macho yake yaliyozoea, ilikuwa mia nane, na ikapita. Kwenye begi kulikuwa na kifaa cha kuufungua wa akiba chenyewe, lakini kifaa kile kinasubiri mtu anayeporomoka kama jiwe. Anayeshuka akizunguka chini ya mwavuli mgonjwa, chenyewe kinadhani yuko salama. Na akifika chini ya mita mia tatu hakuna tena nafasi ya kukata. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema, nao hawakuwa na habari ya miavuli.

Mwajabu akageuza uso, akaona wageni wote wamesimama, akaona zile spika mbili juu ya gari. Alijua neno akilisema halirudi. Jina lake, kazi yake, ile namna watu walivyonyamaza akiingia stoo, vyote vingeondoka navyo vingeondoka mbele ya kwaya. Alibonyeza kitufe cha redio.

"Sila, nisikilize. Mwezi wa tano ulifanya sawasawa. Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyeukunja vibaya mwavuli ule, nikiongea na simu. Nimeuona mstari wa kamba nikanyamaza, nikawaacha wakucheke, nikakucheka na mimi. Hukuwa mwoga. Ulikuwa na akili kuliko mwalimu wako. Kata, mdogo wangu. Nakuomba. Tazama mwekundu, vuta mwekundu."

Sauti yake ilitoka kwenye spika ikaenda mpaka kwenye migunga ya ng'ambo ya kiwanja. Mama Emilia hakumtazama Mwajabu, alikuwa anatazama mwanawe.

Sila bado anazunguka. Mia sita. Mia tano na hamsini. Mwajabu alisikia mtu akisema "Yesu," akatambua kuwa hata yeye, binti wa maalimu wa Kiislamu, alitaka kuitikia.

Mwavuli wa bluu ukachomoka. Ulipaa peke yake, umelegea, na Sila akaanguka chini yake kama kitu kilichotupwa, kwa muda wa pumzi moja, kisha kitambaa cheupe kikatoka mgongoni, kikajaa, kikakaa. Cheupe chote, mraba, kamili. Kwaya ikalia badala ya kuimba. Mwajabu akaketi chini kwenye vumbi, akainuka papo hapo, akaanza kukimbia.

Sila alitua kwenye shamba la mtama lililokwisha kuvunwa, mita mia nne kutoka kiwanjani. Mwajabu alimkuta ameketi juu ya mabua, kofia pembeni, anahema. Miguu mizima. Mikono mizima. Mwajabu akasimama mbele yake bila kujua mikono yake aiweke wapi.

"Samahani, mwalimu," Sila alisema. "Nimechelewa kukata."

"Umechelewa, ndiyo. Umechelewa mno. Lakini ulinisikia, ukakata."

"Kusikia nini?"

Sila alishika waya mwembamba uliokuwa ukining'inia begani kwake, na mwishoni mwake kile kidude cha sikioni kimepasuka. "Hiki kilinasa mlangoni wakati naruka. Sijasikia neno lolote tangu nitoke kwenye ndege."

Ala! Mwajabu alikitazama kidude kile kana kwamba angeweza kukichapa viboko.

"Sasa ulikataje?"

"Nilikuwa natazama saa," Sila alisema. Alisema polepole, akiangalia mabua. "Mia nane ikapita, nikasema labda utanyooka. Nikiukata, Gulwe tena, Bwana Turubai tena. Nikaona mia sita. Nikamfikiria mama amesimama pale, na lile gauni lake. Nikasema, basi, wacheke wote. Siwezi kumpa mama mzigo wa kunizika kwa kuogopa kicheko." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nusura nife kwa ajili ya utani, mwalimu. Huo ni ujinga wa namna gani?"

Mzaha mzaha, hutumbua usaha. Mwajabu alikuwa amelisikia hilo tangu utotoni, na hakuna siku aliyolichukia kama leo. Watu arobaini walikuwa wamekwisha kumsikia akikiri. Rubani alisikia kwa redio ya ndege, kwaya ilisikia, Kongwa nzima ingesikia kabla ya magharibi. Aliyebaki bila kusikia ni huyu mmoja tu, mwenye haki ya kusikia.

Mama Emilia akafika. Amepoteza kandambili moja njiani. Alimkumbatia mwanawe, akampapasa shingo, mabega, magoti, kama anavyopapaswa ndama aliyetoka kuzaliwa, akanong'ona Kigogo ambacho Mwajabu hakukifuata. Kisha akainua uso.

"Umemwambia?"

"Bado, mama. Redio yake ilikufa."

"Hayo uliyotuambia sisi, mwambie na yeye."

Bila spika ilikuwa ngumu zaidi. Hakukuwa na mtu angani wa kuokolewa, hakukuwa na haraka, kulikuwa na uso wa Sila tu, na mabua, na mama yake. Mwajabu alimwambia yote. Simu, fungu la kamba, mstari wa kahawia, stoo. Alimwambia bila kusingizia upepo wala kaka yake. Sila alisikiliza mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu hakuuliza swali katikati.

Kisha akauliza moja. "Ulijua lini?"

"Jioni ile ile niliyorudi kutoka Gulwe."

"Miezi mitatu."

"Miezi mitatu."

Sila akainuka, akaanza kuukusanya mwavuli mweupe mikononi, taratibu, kamba kwa kamba. Mwajabu alisubiri. Alijua sasa ni zamu ya Sila, na zamu hiyo ni halali yake. Amwite Mama Simu, amwite Fundi Jeneza, amwite jina lolote baya Mgogo analoweza kumpa Mrangi, nalo limfuate mpaka kaburini. Angelipokea kwa mikono miwili. Angecheka kabla ya wote.

"Huu wa akiba uliukunja vizuri," Sila alisema. "Kwa huo nakushukuru, Mwalimu Mwajabu."

Alisema kwa heshima kamili, kama mtu anayemshukuru karani asiyemjua. Akampa mama yake mkono, wakaondoka wakipita katikati ya mabua, yule mama akichechemea kwa kandambili moja. Mwajabu alibaki pale pale akisubiri ageuke amtanie, hata kidogo, hata kwa neno moja. Hakugeuka.